Oili Inaenda Mahali

Kwenye gereji ile ya Thika kila mtu alimwita Foman. Hata mkewe alipopiga simu ya ofisi aliuliza kama Foman ameshakula. Nilifanya kazi naye miaka saba, mimi nikiwa karani wa dawati la waranti, yeye mkuu wa mafundi. Nilikuwa nimetoka chuo cha uhazili, msichana wa miaka ishirini na nne, nikidhani waranti ni ahadi. Kati ya dawati langu na karakana kulikuwa na dirisha la kioo, na mengi ninayoyajua juu yake niliyaona kupitia kioo hicho kabla hatujaanza kuzungumza.

Alikuwa Mwislamu wa mtaa wa Majengo, mrefu, mwembamba, mwenye mabega yaliyoinama kama ya mtu aliyezoea kuingiza kichwa chini ya boneti. Ovaroli yake ilikuwa nyeusi kwa oili kufikia Jumanne. Kofia yake nyeupe haikuwahi kupata doa hata Ijumaa. Sijui alifanyaje. Mafundi walimtania kwamba ana kofia saba, moja kwa kila siku, naye alicheka bila kukubali wala kukanusha.

Akitaka kupima oili hakukimbilia kijiti kama wengine. Alisubiri injini ipoe, akanawa mikono, akachomoa kijiti, akakifuta kwa kitambaa safi, akakirudisha, akakichomoa tena. Halafu alisugua tone moja kati ya kidole gumba na cha shahada, macho yameangalia kando, kama mtu anayesikiliza habari za mbali kwenye redio. Mteja akisema, "Foman, oili yangu inapotea tu," yeye angejibu, "Oili haipotei, mama. Oili inaenda mahali. Ama imevuja chini, ama imeungua juu. Kazi yetu ni kujua ni wapi."

Fundi bora niliyewahi kumwona hakujua kuendesha gari. Leseni alikuwa nayo, lakini siku moja alirudisha nyuma gari la mteja akaangusha rafu nzima ya magurudumu, na tangu hapo aliwaachia wengine usukani. Alikuja kazini kwa baiskeli, kila siku akichelewa dakika kumi. Mtu huyohuyo angeweza kusimamisha karakana nzima kwa sababu spana moja haikurudishwa mahali pake ukutani. Alinionya kwamba sukari itaniua, huku akitia vijiko vitano kwenye kikombe chake. Nilipofiwa na baba alinipa viatu vya mkewe vya ngozi nivae kwenye mazishi, kwa kuwa vyangu vilikuwa vimechanika. Nilipotaka kuvirudisha alikasirika, akakaa siku mbili bila kuniongelesha.

Hayo ni mambo ya kumpendea mtu. Kuna mengine, na nisipoyasema nitakuwa nimechora nusu ya uso.

Tuliuza magari mapya, na kila gari lilitoka na kijitabu cha waranti. Kijitabu kilisema injini yaweza kula hadi lita moja ya oili kwa kila kilomita elfu moja, na chini ya hapo si ubovu. Mteja alipokuja kulalamika, fundi alipaswa kukagua gari, mimi nikajaza fomu, Foman akaandika maoni yake chini, fomu ikaenda makao makuu Nairobi. Lakini Nairobi hawakupenda fomu. Injini ikikubaliwa kuwa mbovu, kampuni ilipaswa kuibadilisha, na meneja wetu alikuwa akipigiwa simu za ukali kila robo ya mwaka. Kwa hiyo meneja alimwambia Foman, na Foman akaelewa, na mimi nikaelewa kwa kuwatazama. Kwenye nafasi ya maoni aliandika neno moja: *Kawaida.*

Aliandika hivyo miaka mingi. Mtu aliyekagua kila bolti mara mbili, ambaye hangeruhusu gari litoke na nati iliyolegea hata kama mwenyewe ana haraka ya harusi, aliandika "Kawaida" kwa mkono mzuri wa herufi za mviringo na kutia sahihi. Nilikuja kugundua kitu kimoja. Karatasi nyingine zote alizisaini baada ya kunawa mikono. Fomu za oili alizisaini na mikono michafu, wima, hapo dirishani kwangu, na kila moja ilibaki na alama ya kidole chake pembeni. Sikumuuliza. Nilizitia kwenye faili.

Na kwa kuwa mteja hawezi kuondoka na neno moja tu, ilikuwa kazi yangu kumpa maelezo ya kwenda nayo. Meneja alinifundisha matatu. La kwanza, gari likiwa jipya injini hujizoesha. La pili, vumbi. La tatu, kama mteja ana dereva, unamwuliza kwa upole, "Una hakika na dereva wako, mama?" Hilo la tatu lilifanya kazi kuliko yote. Mteja alitazama nje lilikoegeshwa gari, na dereva akiwa ameegemea mlango hajui lolote. Kisha aliondoka haraka.

Kisha akaja mteja tuliyemwita Nesi, kutoka Ngoliba. Alikuwa amestaafu hospitali ya serikali, akafungua kliniki ndogo kule chini kwenye joto, na akachukua mkopo wa ushirika kununua pikapu ya kubeba dawa na kukimbiza akina mama waliozidiwa na uchungu. Aliyeiendesha alikuwa shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, kijana mtulivu aliyekuwa akifuta kioo kila waliposimama. Mara ya kwanza Nesi alikuja akiwa amebeba mikebe mitatu mitupu ya oili kwenye mfuko wa kiondo, akaipanga juu ya dawati langu.

"Hizi zote ni za mwezi mmoja," akasema. "Gari haijamaliza hata miezi nne. Inatoa moshi ya buluu asubuhi mpaka wagonjwa wanakohoa."

Foman alipima, akasugua tone lake, akaenda nyuma akachungulia ekzosi, akapitisha kidole ndani kikatoka na masizi yenye mafuta. Akakitazama kidole muda mrefu. Kisha akaja dirishani akaandika.

Nesi alisoma. "Kawaida? Kawaida ya nani?"

Nikampa la kwanza, kuhusu injini mpya. Alirudi baada ya wiki tano. Nikampa la vumbi. Aliporudi tena baada ya hapo, nilikuwa nimechoka, kulikuwa na watu sita nyuma yake, nami nikasema lile la tatu bila hata kuinua macho.

"Una hakika na dereva wako, mama?"

Alitazama nje kama wengine. Akakunja kiondo chake, akaenda.

Mara ya nne alikuja akiendesha mwenyewe. Tulimwona akiingia getini, gari likishtuka na kusita, gia ikilia. Alishuka amevaa sare yake nyeupe ya zamani. Hakuja dirishani kwangu. Alipita moja kwa moja hadi karakana, akasimama mbele ya Foman. Mlango ulikuwa wazi nikasikia yote.

"Mzee, nataka unieleze vizuri. Nilimuuliza shemeji yangu kama anauza oili. Nilimuuliza mbele ya mama yake. Akaweka funguo mezani, akabeba nguo zake, hatujui ako wapi. Hii ni mwezi wa pili. Mama mkwe haniongeleshi. Na oili bado inaisha, na sasa anayeendesha ni mimi. Kwa hivyo niambie, mwizi ni mimi?"

Foman alivua kofia yake, jambo ambalo sikuwa nimewahi kuliona, akapangusa kipara, akaivaa tena.

"Ni nani alikuambia umuulize dereva?"

Nesi hakunitaja. Aligeuza tu kichwa kidogo upande wa dirisha.

Nesi alipoondoka, Foman alikuja akasimama mbele yangu. Nilikuwa tayari kulia. "Ni meneja alinifunza," nikasema.

"Ulisema kwa sababu mimi niliandika," akasema. "Kama ningeandika lingine, usingekuwa na la kusema." Alisema bila hasira, na uchovu wa sauti yake ulinitisha kuliko hasira yoyote.

Kesho yake aliingia kwa meneja akaomba kufanya kipimo cha kweli. Unajaza oili kipimo kamili, unafunga mfuniko wa juu na bolti ya chini kwa waya na kipande cha madini ya risasi, kama kile kinachofungwa kwenye mita ya stima, ili asiweze mtu kuongeza wala kupunguza bila kukata. Mteja anaendesha kilomita elfu moja, anarudi, unakata risasi mbele yake, unamwaga na kupima. Meneja alikubali upesi. Alidhani risasi zingerudi zimekatwa.

Zilirudi nzima. Nesi aliziangalia, Foman akaziangalia, meneja akaletwa naye akaziangalia. Oili iliyotoka ilipungua kwa lita moja na robo tatu. Nesi aliketi juu ya gurudumu akafunika uso kwa viganja. Tulidhani ni furaha. Alikuwa akisema, "Ngai, kijana wa watu. Kijana wa watu."

Meneja alisema kipimo kimoja hakitoshi. Kikafanywa cha pili, matokeo yakawa yaleyale. Meneja akasema basi ni vumbi la Ngoliba, limeingia kwa kichujio cha hewa likakwangua silinda, na vumbi haliko kwenye waranti. Foman alileta kichujio mwenyewe, safi, akakiweka juu ya meza ya meneja. Meneja akasema atawaandikia Nairobi. Wiki mbili. Wiki tatu. Nilijua anachofanya, kwa sababu tarehe ya kuisha kwa waranti ya pikapu ile ilikuwa kwenye faili langu, nami nilikuwa nimeisoma.

Jumamosi moja mchana, wengine wakiwa wameshakwenda nyumbani, Foman aliniomba nisifunge ofisi. Gari la Nesi lilikuwa juu ya vyuma. Alifungua injini peke yake bila kibali cha mtu. Ilimchukua hadi saa kumi na moja jioni, na katikati alisimama mara moja kuswali kwenye kona ya stoo juu ya kipande cha boksi. Kisha akagonga kioo changu.

"Njoo uone."

Sikuwa nimewahi kuvuka kwenda upande ule na viatu vyangu vya ofisi. Alinionyesha pistoni ya tatu. Chini ya ringi mbili za juu, pete za chuma zinazoizunguka, kuna ringi ya kukusanya oili, ambayo kazi yake ni kuikwangua irudi chini isiungue. Ile ilikuwa imepandishwa vibaya tangu kiwandani. Ncha zake mbili zilipaswa kugusana, lakini moja ilikuwa imepanda juu ya nyingine, ikaacha nafasi, na ukuta wa silinda ulikuwa na mchirizi mrefu kama wa ukucha.

"Hapa ndipo ilikuwa inaenda," akasema. "Si Ngoliba. Si kwa kijana." Aliifuta pistoni kwa kitambaa safi, polepole. "Na zile zingine zote nilizoandika, hata moja sikuifungua."

Aliketi akaandika ukurasa mmoja kwa mkono, akanipa nipige taipu. Maneno yalikuwa ya kifundi, mafupi: nambari ya gari, vipimo viwili, risasi nzima, hali ya ringi, injini ina ubovu wa kiwandani. Nilipiga nakala tatu. Alitia sahihi baada ya kunawa mikono. Kisha akasema, "Bila muhuri wa kampuni hii ni barua ya fundi tu."

Muhuri ulikaa kwenye droo yangu, na ufunguo ulikuwa kwenye pochi yangu. Foman alitoka nje akaanza kufungua baiskeli yake, akinipa mgongo. Nilifikiria kodi ya nyumba na ada ya mdogo wangu, na pia yale maneno niliyomwambia mwanamke yule bila kuinua macho. Nikafungua droo. Muhuri wa kwanza ulitoka mara mbili.

Nesi alipeleka karatasi ile Nairobi mwenyewe. Baadaye alitusimulia kwamba alikaa mapokezi ya makao makuu siku mbili amevaa sare, akimsalimia kila mteja aliyeingia, akimwuliza kama amekuja kununua gari na kumwonyesha karatasi. Siku ya pili jioni walimwita ndani. Injini mpya ilikuja baada ya mwezi.

Shemeji wa Nesi alipatikana akipakia mawe kwenye machimbo huko Juja. Alirudi nyumbani, akala, akampa Nesi mkono, akaenda zake. Usukani hakuushika tena. Nesi aliajiri mtu mwingine.

Meneja alimwita Foman na mimi siku moja. Nakala ya ripoti ilikuwa mezani.

"Nani alipiga muhuri?"

Mdomo wangu ulifunguka. Foman alinitangulia. "Mimi. Nilichukua kwa droo."

"Droo hufungwa."

"Siku hiyo ilikuwa wazi."

Meneja alinitazama. Alijua. Alijua kwamba najua kwamba anajua. Lakini alihitaji mtu mmoja, na mmoja alikuwa amepatikana. Foman alipewa barua ya kuvunja utaratibu na kufungua injini bila idhini, akaambiwa asirudi Jumatatu. Alikwenda kuchukua kikombe chake, akapita kwenye ukuta wa spana akanyoosha moja iliyokuwa imening'inia upande, akapanda baiskeli. Alipopita dirishani kwangu aliinua mkono kama siku nyingine yoyote. Mimi sikuinua wangu. Meneja alikuwa amesimama nyuma yangu.

Nikabaki. Miaka ikapita, mitano, sita, nami bado niko gereji ileile. Niliolewa, tukahamia Membley, nikapandishwa cheo kuwa msimamizi wa waranti. Kila mwaka nilijiambia nitakwenda Majengo kumtafuta nimshukuru, na kila mwaka kulikuwa na mtoto mgonjwa au kikao. Nilipokwenda hatimaye, niliambiwa amehama.

Nilimpata bila kumtafuta. Karibu miaka kumi ilikuwa imepita tangu aondoke, Jumamosi alasiri, nimekwenda Gatongora, hapo Ruiru, kununua chakula cha kuku. Kando ya duka kulikuwa na kibanda cha mabati, na ndani mtu ameinamia pampu ya maji. Niliijua kofia kabla ya uso.

"Karani," akasema, kana kwamba tuliachana jana. Akapangusa kiti kwa kitambaa. Alikuwa amekonda zaidi, na jicho moja limeingia ukungu. Akaagiza chai kwenye hoteli ya jirani. Tuliulizana habari za nyumbani. Mkewe alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Nikampa pole, kisha nikaanza hotuba yangu niliyoibeba miaka yote, kuhusu muhuri, na droo, na jinsi ambavyo sikuinua mkono.

Aliniacha nifike katikati.

"Usinifanye mtu mkubwa," akasema. "Nilikuwa nimechoka, ni hivyo tu. Kama siku ile ningekuwa na nguvu kidogo, ningeandika kawaida nikaenda nyumbani."

"Lakini ulimsaidia Nesi."

"Mmoja." Alikoroga chai yake. "Wewe unajua walikuwa wangapi. Wewe ndiye ulikuwa na mafaili."

Kisha akaniambia anachofanya Jumapili. Anawatafuta. Wale anaowakumbuka, kwa sura au kwa gari. Anawaendea kwa baiskeli, anabisha, anawaambia kwamba injini yao ilikuwa mbovu na yeye alijua, na kwamba hawakuibiwa na mtu. Amewapata wanne. Mmoja alimpikia chakula. Wawili hawakuelewa amekuja kutaka nini. Wa nne, mzee mmoja wa Ruiru hapahapa, alimsikiliza hadi mwisho, akasema, "Dereva wangu alikufa nikimwita mwizi," akafunga geti.

"Sasa kwa nini unaendelea?" nikauliza.

Alifikiri. "Sijui. Nikikaa nyumbani ni vibaya zaidi."

Nje mwanamke alikuwa akimbembeza mtoto mgongoni akisubiri pampu yake.

"Siku hizi ni nani anaandika pale chini ya fomu?" Foman akauliza. Hakuuliza kwa ukali. Aliuliza kama mtu anayeulizia afya ya ndugu.

Ningeweza kusema jina lolote. Hangejua.

"Ni mimi," nikasema.

Aliitikia kwa kichwa, polepole, bila kushangaa. Akachukua spana, akaitazama, akairudisha chini.

"Na unaandika nini?"

Nilikuwa nikitazama chai yangu ikijitandia utando juu. Aliisogeza ile pampu pembeni ili tuonane vizuri.

"Basi nipe mmoja," akasema. "Wa karibuni."

Nikamwambia. Mwanamume mwenye gari dogo jeupe, ambaye tangu mwanzo wa mwaka alikuja mara tatu, na mara ya mwisho alikuja na mwanawe wa kiume anayeliendesha, akimsukuma bega mbele yangu akisema, mwambie huyu mama unapeleka wapi oili ya gari yangu. Kijana alikuwa amefura shavu. Nilikuwa nimetia sahihi Alhamisi.

Foman alisikiliza yote bila kunikatiza. Nilipomaliza, aliuliza swali moja tu.

"Anakaa wapi?"

Nilijua. Ilikuwa imeandikwa kwenye fomu, mtaa na nambari ya nyumba, kwa mkono wangu mwenyewe. Nikamwambia.

"Kesho ni Jumapili," akasema. "Atakuwa nyumbani. Utakuja saa ngapi?"